Kisukari: Mgonjwa Mmoja, Jamii Nzima

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeizoea katika insha, lakini leo tuipeleke kwenye afya. Kisukari kimeingia vijijini na mitaani kwetu. Mgonjwa akiachiwa mzigo huo peke yake, hata dawa ikiwa nzuri vipi, mambo huenda mrama.

Kisukari ni nini?

Ugali, wali, viazi na mkate tunavyokula hugeuka kuwa sukari mwilini, na sukari hiyo husafiri katika damu. Ili iingie katika chembechembe za mwili na kutupa nguvu, huhitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ni kama ufunguo wa mlango. Katika kisukari cha aina ya kwanza ufunguo hukosekana, na mgonjwa hudungwa sindano ya insulini kila siku. Katika aina ya pili, ambayo huwapata wengi zaidi, ufunguo upo lakini kufuli limekuwa gumu, na baada ya muda kongosho nalo huchoka.

Uzito wa kupita kiasi, kutofanya mazoezi, umri na kuwa na jamaa mwenye kisukari huongeza hatari ya aina hii ya pili. Wako wanaosema ati ni ugonjwa wa matajiri, na wengine ati ni laana. Hayo si kweli. Tena hakiambukizi; kula sahani moja na mgonjwa hakuna neno.

Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, uchovu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona upesi. Taabu ni kwamba wengi hukaa miaka bila dalili yoyote, huku sukari ikidhuru macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Kipimo chenyewe ni tone moja la damu kidoleni. Mtu asiyekula tangu usiku akipatikana na 7.0 au zaidi, daktari humpima tena ili ahakikishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sufuria moja

Mgonjwa akitoka hospitalini na ushauri wa chakula, wengi hudhani apikiwe chake kando. Hebu fikirini. Sufuria mbili ni makaa mara mbili, na mama aliyerudi jioni kutoka sokoni amechoka. Mgonjwa naye hujiona kama mgeni katika nyumba yake. Baada ya wiki mbili tatu anarudia chakula cha zamani.

Chakula kinachomfaa mgonjwa kinamfaa kila mtu nyumbani. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, kunde, managu au terere. Robo iwe maharagwe, ndengu, mayai au samaki. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, kiasi cha ngumi ya mlaji. Chai ipikwe bila sukari, anayetaka ajitilie kikombeni. Na tusidanganyane kwamba ugali wa wimbi au asali mgonjwa anaweza kula apendavyo. Wimbi una nyuzinyuzi nzuri, lakini bado ni wanga. Asali nayo ni sukari tu.

Faida ya kikundi

Daktari humwona mgonjwa labda mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Siku nyingine zote yuko na sisi. Hapo ndipo kikundi husaidia. Sisi Wakenya tunajua chama cha kuweka akiba, na wagonjwa wanaweza kukutana vivyo hivyo: wanapimwa sukari na presha, wanaulizana kuhusu vidonge, wanakaguana miguu. Aliyeacha dawa kwa sababu "najisikia mzima" anaambiwa ukweli na mwenzake aliyepitia hayo hayo, na huyo humsikiza. Huko magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH wenye makao mjini Eldoret umeunganisha vikundi vya akiba na kliniki, ili wanachama wapate matibabu na kujiinua kimapato pamoja.

Aidha, mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na mikoba yenye vifaa kama mashine ya kupima sukari na ya kupima presha. Mhudumu akibisha hodi kwenu, mkaribisheni. Mficha ugonjwa kilio humfichua.

Saa ya hatari

Anayetumia insulini, au aina fulani za vidonge, sukari yake inaweza kushuka ghafla, hasa akikosa kula. Hutetemeka, hutoka jasho, huongea ovyo. Wapita njia husema, "Huyo amelewa!" wakaenda zao. Kumbe mtu anakaribia kuzirai! Mpeni upesi nusu gilasi ya soda yenye sukari, au maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, mpeni tena. Akishazirai msimtie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mkimbizeni hospitalini.

Wajibu wetu wanafunzi

Likizo ikifika, tusome maagizo ya dawa kwa ajili ya babu na nyanya ambao macho yao yamefifia. Tuwakague nyayo kila jioni, kwani mguu uliokufa ganzi hauhisi mwiba, na kidonda kidogo kilichopuuzwa kinaweza kuupoteza mguu mzima. Wasiote moto kwa miguu wala kutembea pekupeku. Tutembee nao nusu saa, siku tano kwa wiki. Na mtu akija na chupa ya mitishamba akisema waache dawa za hospitali, tukatae kwa heshima.

Msamiati
Kongosho: kiungo kilicho nyuma ya tumbo kinachotengeneza insulini.
Wanga: sehemu ya chakula inayogeuka kuwa sukari mwilini.
Ganzi: hali ya kiungo kutohisi.
Pekupeku: bila viatu.

Maswali
1. Eleza tofauti kati ya kisukari cha aina ya kwanza na cha aina ya pili.
2. Kwa nini si vizuri mgonjwa kupikiwa chakula chake kando?
3. Utamsaidiaje mtu ambaye sukari yake imeshuka ghafla?
4. Tunga kisa kifupi kinachothibitisha methali: Mficha ugonjwa kilio humfichua.