Ngeli za Kiswahili katika Zana za Wasanidi Programu: Ulinganisho wa Microsoft, Apple, Google na Mozilla

1.0 Utangulizi

Makala hii inalinganisha ubora wa zana ambazo makampuni makubwa ya teknolojia huwapa wasanidi programu, yaani watu wanaoandika programu za kompyuta na za simu. Ulinganisho wa aina hii kwa kawaida hufanywa na wahandisi, na vipimo vyao ni vya kihandisi: kasi ya zana, urahisi wa kugundua makosa, ukamilifu wa maelezo yanayoambatana nayo. Sisi tutatumia kipimo kimoja tu, nacho ni upatanisho wa kisarufi. Msanidi akitaka programu yake iseme Kiswahili, je, zana aliyopewa inamwezesha kutoa sentensi yenye upatanisho sahihi, au inamlazimisha kukosea?

Swali hili linastahili nafasi katika jarida la lugha. Msomaji wa leo huenda akasoma sentensi nyingi zaidi za Kiswahili kwenye kioo cha simu kuliko kitabuni, na sehemu kubwa ya sentensi hizo haikutungwa na mtu ikiwa nzima. Hutungwa na mashine papo hapo, kwa kujaza nafasi wazi katika kiolezo kilichokwisha kutafsiriwa. Mtafsiri hupewa kiolezo. Sentensi yenyewe haioni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft ilipofuata kwa kuivika Windows XP sura ya Kiswahili, mjadala uliozuka ulihusu kwa kiasi kikubwa istilahi: tuseme folda au kabrasha, tarakilishi au kompyuta. Sarufi ya kiolezo haikupata wasemaji wengi kiasi hicho, ingawa ndiko makosa yanakozaliwa.

2.0 Tatizo la Kiolezo

Tuchukue programu inayomjulisha mtumiaji kwamba kitu fulani kimefutwa. Kiolezo kina nafasi moja wazi, ambamo programu hutia jina la kitu, kisha kitenzi kinafuata. Katika Kiingereza umbo la kitenzi hutegemea idadi tu. Katika Kiswahili nafasi hiyo ikijazwa mtumiaji, kitenzi ni amefutwa, ikijazwa kifaa ni kimefutwa, kabrasha, limefutwa, ujumbe, umefutwa, picha, imefutwa. Wingi nao unadai wamefutwa, vimefutwa, yamefutwa na zimefutwa. Mtafsiri aliyepewa tungo moja ya kujaza hana budi kuchagua kiambishi kimoja cha kiima, na mara nyingi huchagua i-.

Kuna sababu ya uchaguzi huo, nayo ndiyo inayolifanya kosa lijifiche. Maneno mengi yaliyokopwa pamoja na teknolojia hii yameingia katika ngeli ya I-ZI: kompyuta, programu, akaunti, picha, video, folda, nywila. Mtafsiri akijaribu kiolezo chake kwa maneno hayo, kila sentensi inatoka salama. Siku programu itakapotia kifaa au kikundi katika nafasi ile ndipo mtumiaji atakapokutana na “Kifaa imefutwa”, na atakayelaumiwa ni mtafsiri. Tunashuku pia kwamba shinikizo linakwenda upande wa pili: mtafsiri anayejua kwamba kitenzi chake kimefungwa kwenye i- atavutwa kuchagua folda badala ya kabrasha, si kwa sababu folda ni istilahi bora, bali kwa sababu kabrasha lingevunja sentensi. Ikiwa ndivyo, zana ya msanidi inashiriki katika kuunda msamiati wa lugha bila ya yeyote kuipa kazi hiyo.

Wala haitoshi kuifundisha mashine itazame kiambishi cha nomino. Kiongozi ana ki- lakini huleta ameondolewa, kwa kuwa uhai unatawala upatanisho. Hili kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Mashine hailijui mpaka iandikiwe katika orodha ya maneno.

3.0 Zana na Tabia Zake

Msingi wa zana nyingi za tafsiri ni gettext, mfumo ulioasisiwa katika Sun Microsystems na kuandikwa upya na mradi wa GNU mwaka 1995. Sifa yake njema ni kwamba idadi ya maumbo ya umoja na wingi huamuliwa na lugha lengwa, si na lugha chanzi. Kiarabu kinapewa maumbo sita, Kijapani moja, Kiswahili mawili: moja la idadi iliyo sawa na 1 na jingine la idadi nyingine zote. Hata hivyo, kitu pekee ambacho gettext hukitumia kuchagua umbo ni idadi. Ngeli haina mlango wa kuingilia.

Microsoft iko nyuma ya hapo. Mfumo wa .NET ulipotoka mwaka 2002 ulikuja na majedwali ya matini ambamo kila jina lina tungo moja, na majedwali hayo hayana mahali pa wingi. Msanidi huandika mwenyewe katika msimbo: ikiwa idadi ni 1 tumia tungo hii, la sivyo tumia ile. Kirusi, chenye maumbo zaidi ya mawili, huharibika hapo hapo. Kiswahili hupona kwa bahati, kwa kuwa mpaka wake wa umoja na wingi unafanana na wa Kiingereza. Kwa kipimo cha wahandisi Visual Studio ingestahili nafasi ya juu, na hatuna sababu ya kuinyima. Lakini kwa kipimo chetu hali ni ya kusikitisha zaidi tunapokumbuka kwamba tangu .NET 5 ya mwaka 2020 mfumo huo, hata ukiwa ndani ya Windows, huchukua kanuni za tarehe na tarakimu kutoka ICU. Hii ni maktaba iliyokulia Taligent na IBM, ikafunguliwa kwa umma mwaka 1999 na kuhamia Unicode mwaka 2016, nayo ina kanuni za kuunda sentensi vilevile. Kanuni hizo za sentensi hazikuletwa mikononi mwa msanidi wa .NET pamoja na zile za tarehe.

ICU yenyewe humruhusu msanidi kuandika kiolezo chenye matawi: ngeli ikiwa KI, sema kimefutwa, ikiwa LI, sema limefutwa, na ndani ya kila tawi, matawi ya idadi. Ina hata tawi la idadi kamili, hivyo kwamba pasipo na kitu programu iseme “Hakuna vitabu” badala ya “Vitabu 0”, tungo ambayo hakuna msemaji anayeitamka. Google iliiingiza ICU katika Android 7.0 mwaka 2016, na wasanidi wa Android wakaweza kuitumia. Utaratibu wa zamani wa Android, ambao wengi wanaendelea nao, hauna tawi la sifuri kwa Kiswahili, wala hauwezi kushughulikia idadi mbili katika sentensi moja, kama “picha 3 katika albamu 2”. Kwa upande mwingine Android Studio ina mkaguzi anayemwonya msanidi pale tungo yenye idadi inapoelekea kuhitaji matawi ya wingi, au pale tafsiri ilipokosa tawi ambalo lugha inalidai. Huu ni wema wa kweli: kosa linakamatwa kabla halijasafiri.

Apple ilishughulikia sentensi ya idadi mbili mapema, mwaka 2013, katika iOS 7. Mwaka 2021 ilipiga hatua kubwa zaidi kinadharia. Katika iOS 15 msanidi anaweza kuweka alama kwenye sehemu ya sentensi, na mashine yenyewe ikanyambulisha maneno yaliyomo ili yapatane. Kwa mara ya kwanza kampuni ya kiwango hicho ilikubali kwamba upatanisho ni kazi ya sarufi, na kwamba kuukabidhi kwa matawi yaliyoandikwa kwa mkono ni kuchosha watu bure. Lakini huduma ilianza na Kiingereza na Kihispania, na kategoria alizopewa msanidi aitambulishe nomino zilikuwa za idadi na jinsia: ya kike, ya kiume, na isiyo ya kike wala ya kiume. Lugha yenye ngeli haikuwa na pa kujiandikisha. Mtafsiri wa Kiswahili hawezi kuifundisha mashine hiyo. Anaweza kungoja tu.

Jinsia ndiyo iliyoshughulikiwa na Google pia. Android 14 ya mwaka 2023 ilileta njia ya kumwuliza mtumiaji aitwe kwa umbo la kike au la kiume. Mfaransa ameondokewa na tatizo halisi. Kwa Kiswahili, ambacho “Umejiandikisha” yake haimtofautishi Asha na Juma, huduma hiyo haina la kufanya. Hapa lugha yetu inapewa dawa ya ugonjwa isiokuwa nao.

Mozilla ndiyo iliyokaribia zaidi. Mfumo wake wa Fluent, uliofikia toleo la kwanza rasmi mwaka 2019, umejengwa juu ya kanuni kwamba lugha lengwa inaweza kuwa changamano kuliko lugha chanzi. Mtafsiri anaruhusiwa kuongeza matawi ambayo Kiingereza hakikuwa nayo, bila kumwomba msanidi ruhusa. Zaidi ya hayo, anaweza kulibandika neno sifa yake ya kisarufi: akaandika kwamba jina fulani ni la ngeli ya KI-VI, kisha sentensi nyingine ikaisoma sifa hiyo na kuchagua kiambishi. Hiki ndicho tulichokuwa tukikitafuta, isipokuwa kwa kasoro moja. Sifa husomwa pale tu sentensi inapolitaja neno lenyewe moja kwa moja. Neno likiletwa na programu katika nafasi wazi, kama katika mfano wetu wa kufuta, Fluent haiijui ngeli yake mpaka msanidi aipeleke pamoja na neno. Na msanidi aliyeko California, ambaye Kiingereza chake hakina ngeli, hana kinachomkumbusha kufanya hivyo.

4.0 Idadi, Ngeli na Kuunganisha Viambishi

Zana zote tulizozitaja zinachukulia kuwa idadi ni jambo moja na jinsi au ngeli ni jambo jingine. Dhana hiyo inatoka katika lugha za Ulaya. Katika uainishaji wa Meinhof, kitabu ni ngeli ya 7 na vitabu ni ngeli ya 8. Idadi haiongezwi juu ya ngeli, imo ndani yake. Kiolezo kinachouliza kwanza ngeli kisha idadi kitahitaji matawi yapatayo kumi na mawili au zaidi kwa kitenzi kimoja, na mtafsiri atachoka kabla ya kufika nusu. Kiolezo kinachouliza swali moja, yaani kiambishi cha upatanisho wa nomino hii kama ilivyo sasa, hakihitaji tawi hata moja: kinahitaji kiambishi na shina.

Lakini hapa tunagongana na kanuni ambayo makampuni yote haya huwafundisha wasanidi wake, kwamba wasiunde sentensi kwa kuunganisha vipande. Kanuni ni njema kwa lugha ambazo mpangilio wa maneno hubadilika kutoka lugha moja hadi nyingine. Kwa lugha ambishi bainishi, kuunganisha vipande ndiyo sarufi yenyewe. Ki-me-futwa, li-me-futwa, zi-me-futwa: hakuna kinachogeuka ila kipande cha kwanza. Hatudai kuwa kazi ni nyepesi. Katika ukanushi ha- na a- huungana, tukapata hajafutwa bali hakijafutwa. Katika urejeshi panahitajika nafasi ya pili, kwani kilichofutwa na lililofutwa hubadilika mahali pawili, na aliyefutwa hufuata umbo lake. Kanuni hizo ni chache na zimeandikwa katika vitabu vya sarufi tangu Ashton (1944). Mhandisi angeweza kuziweka katika msimbo kwa muda mfupi.

Kwa wasioona jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu mwenye macho akiona “vitabu 2” hujisomea viwili bila kufikiri. Kisomaji cha sauti hukutana na tarakimu tupu, na kama hakijaelezwa ngeli kitasema “vitabu mbili”. Tarakimu 1, 2, 3, 4, 5 na 8 hudai upatanisho. 6, 7, 9 na 10 hazidai. Maandishi yanaweza kulificha kosa hilo, sauti haiwezi.

Mwaka 2025 Unicode ilithibitisha kanuni mpya za violezo vya sentensi, zijulikanazo kama MessageFormat 2. Zinaruhusu kuchagua tawi kwa kutazama thamani kadhaa kwa pamoja, na kuongezwa kwa kazi za kisarufi ambazo waasisi hawakuziwaza. Kazi ya ngeli inaweza kuandikwa humo. Isipokuwapo orodha ya nomino inayotaja ngeli ya kila moja, wingi wake, na kama ni ya kiumbe hai, kazi hiyo haitakuwa na cha kusoma. Orodha ya namna hiyo ni kazi ya idara za Kiswahili, wala si ya wahandisi. Na ugumu wake unaanza na neno la kwanza ambalo programu yoyote italihitaji: faili. Wapo wanaosema faili hii na faili hizi, wapo wanaosema faili hili na mafaili haya, na pande zote mbili zina wasemaji wa kutosha. Orodha itabidi ikubali ngeli mbili kwa neno moja, na kila programu iseme mapema imechagua ipi, ili ukurasa mmoja usije ukasema faili limehifadhiwa na ukurasa wa pili faili imepotea.