Utepe, Sufuria na Njia ya Kituo: Kuendesha Kazi ya Lishe Mtaani Kisangani

Kisangani haina sababu ya kuwa mji wa njaa. Mto Kongo unapita kati yake, Wagenia bado wanatega samaki kwenye maporomoko, na msitu hauko mbali. Sokoni hukosi makemba, sombe, mawese na mchicha, na ikifika Agosti na Septemba viwavi vya msituni vinajaa kwenye mabeseni. Lakini watoto wenye kwashiorkor wanaendelea kupokelewa hospitalini. Uchunguzi wa kitaifa wa MICS wa 2017–2018 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Kongo walio chini ya miaka 5, 42 wamedumaa. Huyo ni karibu mtoto mmoja kwa kila wawili au watatu unaopishana nao ukienda kuchota maji.

Akina mama wa kanisa, vijana wa mtaa au chama cha wakulima wakitaka kuanzisha kazi ya lishe, swali la kwanza huwa: pesa ya unga itatoka wapi? Mimi ningetanguliza lingine. Mtoto akianza kudhoofu kule avenue ya mwisho ya komini ya Tshopo, nani atamwona mapema, atampeleka wapi, na nani atarudi kubisha hodi kwao wiki inayofuata? Mkiwa na jibu la maswali hayo matatu mmeshapata programu, hata bila gunia la unga. Bila jibu hilo, unga utaliwa uishe na hali ibaki ilivyokuwa.

Wajue wenye kazi kabla hamjaanza

Mji una zone tano za afya: Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo na Lubunga. Kila zone imegawanywa katika aire za afya, na kila aire ina kituo chenye muuguzi mkuu, yule tunayemwita titulaire. Chini yake kuna RECO, watu waliochaguliwa na majirani zao, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa kujitolea. Kuna pia CODESA, kamati ya wakazi inayokaa na titulaire kujadili mambo ya aire nzima. Upande wa lishe kuna PRONANUT, programu ya taifa inayotoa miongozo.

Kikundi kinachowapita watu hawa kando kwa sababu ni wachache, wamechoka au hawalipwi kinajichimbia shimo. Siku utakapompata mtoto mwenye hali mbaya, ni titulaire atakayempokea na ni daftari lake litakaloomba dawa. Nendeni kwake kwanza. Mwulizeni mambo mawili: huduma ya kutibu utapiamlo bila kulaza, iitwayo UNTA, iko kituo gani na inafanya kazi siku gani, na wanaohitaji kulazwa wanapelekwa UNTI ya hospitali ipi. Andikeni majibu hayo kwenye jalada la ndani la daftari lenu.

Utepe wa rangi tatu

Kifaa kinachofaa kuliko vyote ni utepe wa kupimia mkono. Hauhitaji umeme, hauhitaji hesabu, na unaingia mfukoni. Hupimiwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto uning'inie umelegea. Tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, zungusha utepe hapo, usikaze hadi ngozi ikunjane wala usiache nafasi, kisha soma. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: utapiamlo mkali, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Kati ya 115 na 124 ni manjano: yuko hatarini, afuatiliwe. Kuanzia 125 ni kijani. Mtoto aliye chini ya miezi 6 usimhukumu kwa rangi hizo. Mpeleke kituoni apimwe huko.

Kuna kosa ambalo limewapoteza watoto wengi. Mwenye kwashi huvimba, na uvimbe unaweza kuuficha mkono mwembamba hadi utepe uonyeshe kijani. Kwa hiyo utepe usitumike peke yake. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, hesabu sekunde tatu, achia. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, huyo ni mgonjwa, rangi iwe yoyote. Na mtoto anayekataa kula kabisa, anayetapika kila kitu, aliyelegea hajitambui au aliyepata degedege haendi UNTA kusubiri foleni. Anaenda hospitali moja kwa moja.

Utepe ushikwe na nani? Kwa miaka mingi ulikaa kwa RECO peke yake. Kule Niger akina mama walifundishwa kuwapima watoto wao wenyewe, na ilionekana wanaweza kazi hiyo vizuri kama wahudumu wa jamii. Hili lingetufaa sana hapa. RECO mmoja anayehudumia nyumba nyingi hawezi kufika kila wiki, ila mama anamwogesha mtoto wake kila siku. Bibi pia afundishwe, maana ndiye anayebaki na wajukuu wakati mama yuko shambani au sokoni.

Ukimpata mwenye nyekundu, usiishie kusema "mpeleke kituoni". Mpe mama karatasi yenye tarehe, kipimo na jina la kituo, na mwulize waziwazi kama nauli ya toleka au pikipiki ipo na nani atabaki na watoto wengine. Wengi huishia hapo, mlangoni pao, si kwa ubishi bali kwa sababu safari haikupangwa.

Lugha nayo ni dawa au sumu. Mitaani kwetu bado husemwa kwamba kwashi inatokana na wazazi kuvunja mwiko wakati mama ananyonyesha, au na uchawi wa jirani. Ukiingia na kutamka "mtoto wako ana kwashi" mbele ya watu, umemtangazia aibu, na kesho atakuficha mtoto. Anza kwa salamu ndefu, umwite kwa jina la mtoto wake kama ilivyo desturi: "Mama Junior, jambo. Watoto wameamkaje? Naomba tumpime mdogo wetu pamoja." Baba akiwepo mwite naye aone utepe. Yeye ndiye mara nyingi anayetoa ruhusa na nauli.

Jifunze kwa jirani maskini mwenye mtoto mwenye afya

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo kwetu inajulikana kwa jina la FARN. Wazo lake lilipata sifa Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Jerry na Monique Sternin wa Save the Children walipotafuta familia maskini ambazo watoto wao walikuwa na afya. Waliwakuta wakiwalisha kaa na kamba wadogo wa mashamba ya mpunga pamoja na majani ya viazi, vyakula ambavyo majirani waliviona havifai watoto, na wakiwalisha mara nyingi zaidi kwa siku.

Hapa hatua ni zilezile. Pimeni uzito wa watoto wote wa mtaa. Katika zile nyumba zisizo na kitu, tafuteni zenye watoto wanaokua vizuri. Ingieni kwa heshima mwone kinachopikwa, nani anamlisha mtoto, mara ngapi, na mikono huoshwa lini. Kisha waiteni mama wachache wenye watoto waliodhoofu kidogo, wakutane kwa mmoja wao siku 12 mfululizo, kila mmoja akija na chochote kilichomo uwezoni mwake, wapike na kulisha pamoja. Mtoto hupimwa siku ya kwanza na siku ya mwisho. Akina mama wakiona mizani imepanda hawahitaji hotuba. Baada ya hapo wafuatwe majumbani wiki mbili, maana kazi halisi iko kwenye sufuria ya nyumbani. Wenye nyekundu au uvimbe wasiwekwe humo: hao ni wa kituo.

Tatizo la sufuria zetu nyingi ni uji mwepesi wa muhogo au mahindi mitupu, au lituma inayomshibisha mtoto kabla hajapata kitu cha kumjenga. Viwavi vilivyokaushwa vina protini zaidi ya nusu ya uzito wake. Visage, kijiko kimoja au viwili vya unga wake viingie kwenye uji. Samaki wadogo waliokaushwa hufanya kazi hiyohiyo. Soya inafaa pia, lakini ikaangwe au ichemshwe vizuri kwanza, kwani soya mbichi huzuia mwili kuyeyusha protini. Kijiko cha mawese mekundu huongeza nguvu na vitamini A. Sombe itwangwe na ichemke muda mrefu ili sumu ya muhogo itoke. Kabla ya miezi 6, maziwa ya mama tu, bila maji, hata jua la Kisangani likiwaka. Hapa ndipo bibi anapohitaji maelezo mengi zaidi, kwa upole.

Wakati wa kuharisha: maji ya chumvi na sukari ya pakiti, zinki kwa siku 10 hadi 14, na chakula kisikatizwe. Chandarua kila usiku. Chanjo zikamilike.

Vifuko, vita vya ardhi na daftari

Plumpy'Nut, chakula cha tiba katika kifuko cha gramu 92 chenye kalori 500, ni dawa ya mtoto mmoja aliyepimwa. Haiuzwi, na haigawanywi kama biskuti kwa ndugu zake. Ukiona inauzwa sokoni, jua kuna mtoto aliyekosa. Mkumbuke pia kwamba vifuko huadimika, na tangu misaada ya Marekani iliposimamishwa mwanzoni mwa 2025 upungufu umezidi sehemu nyingi za nchi. Programu iliyojengwa juu ya kifuko peke yake husimama siku kifuko kinapokwisha.

Ukingo wa kushoto wa mto, upande wa Lubunga, una shida yake. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliozuka Lubunga mwaka 2023, uliwatoa watu wengi mashambani na kuwaleta mjini. Mkulima bila shamba hanufaiki na somo la bustani. Kwa familia hizo anzeni na utepe, chanjo na maji safi. FARN ingoje hadi wapate pa kupikia.

Mwisho, daftari. Kasongo, kule Maniema, timu ya madaktari ilifuatilia ukuaji wa watoto kwa miaka, na katika miaka ya 1980 ikaonyesha kwamba kupungua kwa kasi ya kuongezeka uzito, peke yake, hakukuwa kipimo kizuri cha kumtambua mtoto aliye karibu na kifo. Funzo la Kasongo halijazeeka: kuna vituo vinavyojaza kurasa za vipimo ambavyo havimtumi mtu popote. Daftari lenu liwe na safu chache tu: jina, tarehe, rangi, uvimbe upo au haupo, amefika kituoni au hakufika, ametembelewa lini. Kila mwezi lisomwe mbele ya CODESA, na safu ya "hakufika" ndiyo isomwe kwanza.

Kama humjui RECO wa avenue yako, pita kituoni siku ya kupima watoto wadogo (CPS), umwulize titulaire jina lake, umwombe utepe mmoja, na usiondoke kabla hujaonyeshwa namna ya kuutumia.