Je, Dini Ndiyo Humfanya Mtu Kuwa Mwema?

Hoja tuliyoijadili katika Chama cha Kiswahili muhula uliopita ilisema kwamba jamii isiyo na dini haiwezi kuwa na maadili. Watetezi walishinda kwa kura nyingi, na makofi yakapigwa mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Mhariri amenipa kurasa hizi niichambue hoja hiyo bila kelele. Mifano yangu mingi nitaitoa hapa hapa Nairobi, kwa maana mwenye kutaka kuona dini inafanya nini duniani hana haja ya kupanda ndege. Apande matatu tu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mkanamungu ni mtu asiyesadiki kwamba Mungu yupo. Si lazima awe mlevi au mwizi. Maadili nayo ni jinsi mtu anavyomtendea mwenziwe, hasa yule asiye na njia ya kumlipa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watetezi wa hoja walihesabu kusali kwenyewe kuwa ni tendo la maadili. Ukianza hivyo, basi umeshinda kabla hujafungua mdomo.

Tuanze na hesabu. Katika sensa ya 2019, Wakristo walikuwa kama asilimia 85 ya Wakenya, Waislamu wapata asilimia 11, na waliosema hawana dini walikuwa 755,750, yaani hawakufika asilimia 2. Kama wingi wa waumini ungetosha, basi ofisi zetu za umma zingeng'aa kama sahani ya sikukuu. Lakini mwaka 2023 shirika la Transparency International, ambalo hukusanya maoni ya wataalamu na wafanyabiashara kuhusu ufisadi, liliipa Kenya alama 31 kati ya 100. Denmark, ambako wengi wameandikishwa katika kanisa la Kilutheri lakini wachache tu huenda ibadani kila Jumapili, ilipata 90.

Wapinzani wa hoja walishangilia sana waliposikia hivyo. Ngojeni kwanza, jamani. Mwaka huo huo Botswana, nchi yenye Wakristo wengi, ilipata 59, na Korea Kaskazini, ambayo serikali yake haitaki kusikia habari za dini, ikapata 17. Albania ilijitangaza mwaka 1967 kuwa nchi isiyo na dini kabisa, ikafunga makanisa na misikiti, na magereza yake yakabaki kujaa. Rwanda ya 1994 ilikuwa na Wakristo tele, na watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama kule Ntarama na Nyange. Padri wa Nyange mwenyewe, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha. Mimi naona hesabu za nchi nzima nzima hazitupi jibu. Afadhali tutazame watu.

Tazama matatu ya kutoka Kawangware kwenda mjini. Kiooni pamebandikwa neno la Mungu, redio inahubiri kwa sauti ya juu, na makanga amekula chenji yako huku akiitikia amina. Kila mmoja wetu ameyaona haya. Ila ukimwuliza makanga huyo kama ana dini atakwambia ndiyo, tena kwa moyo safi. Hadanganyi. Dini anayo, ila haijafika kwenye mfuko wa chenji.

Sasa nenda mpaka Barabara ya Kenyatta, kwenye Kanisa Kuu la Watakatifu Wote linalotazamana na Bustani ya Uhuru. Februari 1992 akina mama ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa waliketi katika bustani hiyo, pamoja na Wangari Maathai, wakidai watoto wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na virungu na moshi wa kutoa machozi. Wangari alipigwa mpaka akazirai. Baadhi ya wale wazee wetu wa kike wakavua nguo mbele ya polisi, jambo ambalo kwa mila za kwetu ni laana nzito. Kisha kanisa likawafungulia mlango, wakakaa chini ya jengo lile muda wa karibu mwaka mmoja, mpaka wengi wa vijana wao walipokuwa wameachiliwa.

Hapo pana somo kubwa. Kanisa lililowapokea lilikuwa la Kikristo. Rais ambaye polisi wake waliwapiga, Daniel arap Moi, alikuwa Mkristo pia, na kila Jumapili taarifa ya habari ya televisheni ilimwonyesha akiwa ibadani. Biblia ni ile ile moja. Na silaha waliyoitumia akina mama wale siku walipopigwa haikutoka katika Biblia wala katika Kurani. Ilitoka kwa nyanya zao.

Jambo hili la nyanya zetu wasomi wamelibishania. John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani, aliandika mwaka 1969 kwamba dini imeingia katika kila pembe ya maisha ya Mwafrika. Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alimpinga. Alidai kwamba Waacholi na ndugu zao hawakuwa na Mungu muumba wa aina waliyoieleza wamishonari. Kama Okot alisema kweli, basi watu wale walimkaribisha mgeni na kumlea yatima bila kungoja amri ya muumba. Mabishano hayo hayajaisha, na mimi si mtu wa kuyaamua. Lakini watetezi wa hoja yetu hawakuyataja hata kidogo.

Mfano ambao mimi nauona mzito kuliko yote uko upande wetu huu wa magharibi, Westlands. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki wa kundi la al-Shabaab waliingia katika jengo la maduka la Westgate. Mpaka kisa kile kilipokwisha siku ya nne, watu 67 walikuwa wameuawa, wakiwemo Waislamu. Wauaji waliwataka baadhi ya watu wathibitishe kwamba ni Waislamu ndipo waachwe. Kwa hiyo wao wenyewe walisema wanaua kwa ajili ya dini. Lakini mmoja wa watu wa kwanza kuingia mle kuokoa wengine alikuwa Mwislamu, Abdul Haji, aliyefika na bastola yake kumtafuta nduguye. Hakumwuliza mtu dini. Alisaidia kumtoa mama mmoja na watoto wake, na picha ya mtoto akimkimbilia ilizunguka dunia nzima. (Mwaka 2021 alikuja kuwa seneta wa Garissa.)

Haya, karibu na Westgate kuna Ukumbi wa Oshwal. Siku zile ndiko majeruhi walikohudumiwa, jamaa za waliopotea wakangojea habari, na waokoaji wakapewa chakula. Waoshwal ni Wajaini, jamii iliyotoka Gujarat na kukaa nasi kwa zaidi ya miaka mia moja. Wajaini wana mahekalu na mafunzo yao, na fundisho lao kuu ni kutodhuru kiumbe chochote. Lakini hawasadiki kwamba dunia iliumbwa na Mungu. Watetezi wa hoja wangewaweka upande gani hawa? Kwa maneno yao wenyewe, asiyemwogopa Muumba hana sababu ya kutenda wema.

Hapo ndipo ninapoona ukweli wa jambo hili. Dini humpa mtu nguvu na watu wa kusimama naye, na wala si kitu kidogo: bila kanisa lile, akina mama wale wangelala wapi? Ila nguvu hiyo haichagui yenyewe pa kwenda. Humfuata mtu anakokwenda, kwa mema au kwa maovu. Ninachouliza mimi ni kama wema wa mtu unavuka ukuta na kumfikia asiye wa kwao. Mkanamungu naye aulizwe swali hilo hilo, asipewe nafuu kwa sababu tu amesoma vitabu.

Nayasema haya kwa kuwa hoja ile haikubaki darasani. Baada ya mjadala, chama kilitaka kumchagua mhazini. Jina lililopendekezwa ni la mwenzetu wa Kidato cha Tatu ambaye amesema wazi kwamba hana dini. Kelele zikazuka. Mmoja akasema, "Asiyeapa kwa Biblia wala Kurani ataapa kwa nini?" Mwalimu mlezi akaahirisha uchaguzi.

Swali hilo lilikwisha kujibiwa na sheria za Kenya zamani. Sheria ya Viapo inamruhusu mtu asiye na dini kutoa tamko la kweli mahakamani badala ya kiapo, na akisema uongo adhabu ni ile ile. Katiba ya 2010 inasema nchi haina dini rasmi (kifungu cha 8) na inalinda uhuru wa imani (kifungu cha 32), ingawa dibaji yake inamtaja Mungu. Hata hivyo chama cha wakanamungu kiliposajiliwa Februari 2016, usajili wake ulisimamishwa kwa muda mwaka huo huo. Yaani woga wetu hapa shuleni si wa peke yetu.

Fedha zenyewe ni nauli ya kwenda kutazama michezo kwenye Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, na mauzo ya jarida hili mnalolisoma. Zitatunzwa na stakabadhi, daftari na sahihi mbili, hata mhazini akiwa mtoto wa askofu. Kura itapigwa mwanzo wa muhula ujao. Mimi yangu nitampa yeye, na kila Ijumaa nitaomba kuona daftari.