Mpungate Unaoning'inia Mtini

Wasomaji wa Kilosa na Mikumi wameuliza kuhusu Rhipsalis baccifera, mmea mdogo wa jamii ya mpungate wenye asili ya Amerika. Mtaalamu wetu wa bustani anawajibu.

Swali: Shikamoo mtaalamu. Hapa Kilosa nimepewa mmea wenye matawi membamba ya kijani, hauna majani wala miba. Nikaambiwa ni mpungate. Kweli?

Jibu: Marahaba. Ni kweli kabisa. Shika tawi moja ulitazame penye mwanga: utaona vidoa vidogo vilivyoachana, na pengine vinywele vifupi juu yake. Mipungate mingine huota miba mahali hapo. Huu hutoa ua dogo jeupe, kisha tunda jeupe la mviringo lisilofika sentimita moja, lenye mbegu nyeusi ndani ya ute unaonata. Mche mchanga huwa na vinywele vingi laini, ukikomaa hupukutika. Tena tawi likikatwa halitoi maziwa. Mnyaa wa uani hutoa utomvu mweupe unaounguza macho, na ingawa wengi huuita mpungate, jamii yake ni nyingine kabisa.

Swali: Ulifikaje huku kwetu?

Jibu: Ndiyo spishi pekee ya jamii yake inayoota kiasili Afrika. Ndugu zake wengi wako Brazili. Wenyewe umeenea kutoka Florida hadi Argentina, na upande wetu unaota katika misitu yenye unyevu, ikiwemo ya Usambara, hadi Madagaska na Sri Lanka. Wapo wanaosema mabaharia waliuchukua kama pambo, wengine wanasema ndege walibeba mbegu. Mimi naegemea kwa ndege. Hadi leo ndege hula tunda, hufuta mdomo kwenye gome, na mbegu hubaki imenata juu ya mti.

Swali: Wangu hapa Mikumi umekuwa mwekundu na kusinyaa. Niliupanda juani, kwenye udongo wa bustani, maana najua mipungate ni ya jangwani.

Jibu: Hapo ndipo wengi wanapouua. Huu ni mmea wa juu ya miti, mahali penye kivuli na ukungu. Kilosa na Mikumi ziko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, joto ni kali, na kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni haba. Utoe juani leo. Chini ya mwembe panafaa, au barazani panapopata jua la asubuhi pekee.

Udongo wa bustani uache. Changanya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vipande vidogo vya mkaa na majani yaliyooza, kiasi sawa. Weka kwenye kopo lililotobolewa vizuri chini, ulining'inize kwa kamba ya katani. Kiangazi, ingiza kidole: pakiwa pakavu juu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na nyunyizia matawi asubuhi. Masika, mvua ikinyesha mfululizo, usimwagilie kabisa. Shina likiwa jeusi na laini chini, limeoza. Kata sehemu nzima ya juu uanze upya. Wadudu weupe wenye nta wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Swali: Nauzalishaje? Naweza kuchukua msituni?

Jibu: Kata vipande vya sentimita 10 hadi 15, viache kivulini siku mbili jeraha likauke, kisha chomeka sentimita mbili kwenye mchanganyiko ule ule wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki chache vuta taratibu. Kikishikilia, kimeota mizizi.

Msituni, hapana. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hakichumwi kitu, na kwenye hifadhi za misitu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali. Kuuvusha mpaka wa nchi nako kunataka kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Tawi moja kutoka kopo la jirani linatosha kuanzia, kwa hiyo ombeni huko, na wa kwenu ukikua, msiwanyime wanaoomba.