Dondoo muhimu: Afya ya mwanachuo, kutoka Mang'ola hadi ng'ambo

Mwanachuo, uwe Dodoma au London, anza na sahani kabla ya jimu. Utafiti wa Herman Pontzer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, uliwapima Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa bonde la Ziwa Eyasi, jirani na Mang'ola, Tanzania. Wanatembea sana, lakini nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Basi mazoezi hayafuti chipsi na soda za kila jioni. Kula maharage, mboga za majani, matunda, na dona badala ya sembe. Hata hivyo tembea kwenda darasani: moyo unafaidika, na hakuna mafuta ya gari yanayochomwa. Ukisoma, inuka mara kwa mara. Wahadzabe nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, ila mara nyingi wakichuchumaa, misuli ikiendelea kufanya kazi.

Utasema bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) halitoshi, na chuoni hakuna mizizi wala asali ya porini. Ni kweli, lakini hakuna anayekutaka uishi kama mwindaji, na maharage ni nafuu kuliko kuku wa kukaanga. Na ili iwe rahisi kunywa maji badala ya soda na kutembea kwenda darasani, serikali za wanafunzi ziudai uongozi wa chuo maji safi ya kunywa na njia salama za miguu.