Mgombea Aliye Ikulu

Wasomaji wetu wa Shinyanga na Geita, leo tujifunze jambo moja la uraia. Rais aliye madarakani agombeapo, huanza mbio mbele ya wenzake. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, hapa Tanzania hakuna Rais aliyetetea kiti chake akashindwa. Hayati John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alitangazwa kupata asilimia 58 mwaka 2015. Mwaka 2020, akiwa Rais, asilimia 84. Nguvu hiyo yatoka wapi?

Kwanza, yatoka katika kazi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye kilometa 3 hivi, lilianza kujengwa wakati wa Rais Magufuli, likafunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Juni 2025, miezi minne kabla ya uchaguzi. Msafiri wa Geita aliyezoea kungoja kivuko ana haki ya kushukuru, ila asisahau kwamba kodi yake ndiyo iliyojenga. Faida hii ni halali, kwa maana mtumishi hupimwa kwa kazi yake.

Pili, yatoka katika mamlaka. Rais ndiye huwateua wajumbe wa Tume ya Uchaguzi, na ibara ya 41 ya Katiba yazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakiisha kutangazwa. Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwamo katika karatasi ya kura, na mwenyekiti wake alikuwa gerezani akishtakiwa uhaini. Rais alitangazwa kupata asilimia 98 hivi, na damu ya raia ilimwagika.

Mchimbaji mdogo ayaelewa haya pasipo kufundishwa. Kabla soko la dhahabu halijafunguliwa Geita mwaka 2019, wengi waliuza kwa mzani wa mnunuzi. Hata mnunuzi mwaminifu hakuaminiwa, kwa kuwa mzani ulikuwa wake.

Malawi yatupa mfano. Mwaka 2020 mahakama ilifuta uchaguzi uliompa Rais ushindi. Uliporudiwa, alishindwa, akaondoka.

Basi, hatusemi Rais asigombee, wala asitaje kazi zake. Twasema mzani wa kura usiwe mkononi mwake. Mshindi wa haki hapungukiwi na kitu kwa kupimwa na mwingine. Naye aliyeshindwa hukubali na kurudi shambani kwa amani.