Fujo za Gerezani na Vyombo vya Kuzituliza



Ukisimama bandarini Malindi, mjini Unguja, ukatazama baharini, utakiona kisiwa cha Changuu. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri katika serikali ya Sultani, alijenga gereza kisiwani humo. Alitaka bahari iwe ukuta. Lakini gereza lile halikupata wafungwa. Liligeuzwa kuwa karantini, yaani mahali pa kuwatenga abiria wa meli walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza.

Tangu zamani wenye madaraka wamefikiri hivyo. Ukitaka waliofungwa watulie, tafuta ukuta mnene, mnyororo mzito au maji mengi. Siku hizi kuna vyombo vingine: moshi wa machozi, maji ya kuwasha, risasi za mpira, kamera. Leo tutajifunza vyombo hivyo hufanya kazi gani, vinadhuru wapi, na kitu gani hasa hulifanya gereza likae kwa amani.

Pengine utasema, "Mimi mvuvi, au mkulima wa mwani, habari za gereza zinanihusu nini?" Zinakuhusu. Leo yuko ndani mtoto wa jirani, kesho anaweza kuwa wako. Tena moshi wa machozi hauishii gerezani. Mwezi Mei na mwezi Oktoba 2012 ulipigwa mitaani mjini Unguja, na wasiokuwamo katika ghasia nao walitokwa na machozi.

Kwanza tuelewane maneno. Kule Bara husemwa gereza na mfungwa. Hapa Zanzibar husemwa Chuo cha Mafunzo, kama kile cha Kilimani, na aliyefungwa huitwa mwanafunzi. Anayengoja kesi yake ni mahabusu. Katika somo hili tutasema gereza na mfungwa, kwa kuwa tutazungumza habari za nchi nyingi.

1. VYOMBO VYENYEWE

Vyombo vya kutuliza fujo ni vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni vya kujikinga na kuitana: ngao, kofia ngumu, filimbi, king'ora. Hivi havimuumizi mtu. Askari mwenye ngao haogopi jiwe, na asiyeogopa hana haraka ya kupiga.

Namna ya pili ni vya kuona na kuzuia: kufuli, milango ya chuma inayogawa gereza vipande vipande, taa, kamera. Fujo ikianza katika jengo moja, milango hufungwa isienee jengo la pili. Kamera huona yanayofanywa na wafungwa, na pia yanayofanywa na askari. Kwa hiyo ni shahidi wa pande zote mbili, ikiwa picha zake hazifutwi.

Namna ya tatu ni vya kulazimisha: rungu, pingu, moshi wa machozi, risasi za mpira, na gari la maji ambalo watu wamelipa jina la washawasha. Hivi huumiza. Huitwa silaha zisizoua kwa urahisi. Angalia sana maneno hayo. Hayasemi kwamba haziui. Risasi ya mpira ikipiga jicho, jicho limekwenda. Ikipiga kichwa, mtu anaweza kufa.

Kote Tanzania polisi wana kikosi maalumu cha kutuliza ghasia, kijulikanacho kwa herufi FFU. Wananchi, kwa utani wao, wamezifasiri herufi hizo: Fanya Fujo Uone. Ni utani, lakini una fikira ndani yake, kwamba fujo hutulizwa kwa kuonyeshwa nguvu. Hebu tuone kama ni kweli.

2. MOSHI WA MACHOZI HUFANYAJE KAZI

Moshi wa machozi unaotumika sana huitwa CS. Wakemia wawili wa Marekani, Corson na Stoughton, waliugundua mwaka 1928, na jina hilo ni herufi za mwanzo za majina yao. Kwa kweli CS si hewa, ni unga. Unga huo hutiwa katika mkebe pamoja na kitu kinachowaka. Mkebe ukiwashwa hupata moto mkali, nao unga hutoka kama moshi. Chembe zake ni ndogo mno, huingia machoni, puani, kooni na kifuani.

Iko namna nyingine inayotengenezwa kwa pilipili. Kile kitu kikali cha pilipili hutolewa, kikatiwa katika chupa ya kupulizia. Mama yeyote wa Unguja anaijua kazi yake. Kaanga pilipili jikoni, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, uone kama kuna atakayebaki ndani! Watu watakohoa, watalia, watakimbilia uani. Wakifika uani penye upepo, baada ya muda wanapata nafuu.

Hapo ndipo ilipo siri ya moshi wa machozi. Umetengenezwa ili mtu akimbie. Unafaa mahali penye upepo na njia ya kutokea.

3. MOSHI NDANI YA CHUMBA KILICHOFUNGWA

Sasa fikiri. Mfungwa yuko chumbani, mlango una kufuli, dirisha ni tundu lenye nondo. Mkebe wa moshi unatupwa humo. Atakimbilia wapi? Moshi hautoki, naye hatoki. Kila akipumua anavuta moshi zaidi. Mwenye pumu, mzee na mgonjwa ndio wa mwanzo kuanguka. Tena mkebe wenyewe ni moto. Ukiangukia godoro, godoro linaweza kuwaka.

Mfano upo. Tarehe 18 Agosti 2013, nchini Misri, mahabusu walipelekwa kwa gari katika gereza la Abu Zaabal. Walijazana ndani ya gari la polisi, jua kali, mlango umefungwa. Polisi walipiga moshi wa machozi ndani ya gari hilo. Watu 37 walikufa.

Liko jambo la kushangaza. Mkataba wa dunia wa mwaka 1993 juu ya silaha za kemikali unakataza majeshi kuutumia moshi huu vitani. Lakini unaziruhusu serikali kuutumia katika kutuliza ghasia nchini mwao. Basi kwa mfungwa kinga haiwi katika mkataba huo. Kinga yake ni kanuni za gereza na macho ya watu.

4. SILAHA HUHAMA MIKONO

Vyombo vina hatari nyingine: vinaweza kuchukuliwa.

Hapa Unguja tuna funzo la zamani. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, wanamapinduzi waliivamia kambi ya polisi ya Ziwani. Wengi wao hawakuwa na bunduki. Walipolishika ghala la silaha, walikuwa nazo. Kituo cha Polisi cha Malindi, kando ya bandari, kilikuwa cha mwisho kushikwa. Hatuelezi hapa habari za Mapinduzi yenyewe. Tunatazama jambo moja tu: aliyeshika ufunguo wa ghala ndiye aliyekuwa na nguvu, na ufunguo huhama.

Magerezani ni vivyo hivyo. Mwezi Septemba 2020, huko Moroto, Uganda, wafungwa waliwashinda nguvu askari, wakavunja ghala, wakachukua bunduki. Wafungwa 219 walitoroka na kukimbilia mlimani. Ndiyo maana kanuni za dunia zinasema askari anayekaa na wafungwa kila siku asichukue silaha, isipokuwa kwa sababu maalumu.

5. FUJO HUTOKA WAPI?

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Tuitazame mifano mitatu.

Attica, Marekani, 1971. Wafungwa walikuwa wakilalamika kwamba wanapewa nafasi ya kuoga mara moja kwa juma, na karatasi za chooni bunda moja kwa mwezi. Mwezi Septemba waliliteka gereza wakashika mateka. Siku ya tano helikopta ilidondosha moshi wa machozi, kisha askari wakapiga risasi ndani ya moshi huo. Watu 39 waliuawa: wafungwa 29 na mateka 10. Mateka wale ndio walioendewa kuokolewa, nao walikufa kwa risasi za waokoaji. Katika moshi, nani anamwona nani?

Strangeways, Uingereza, 1990. Gereza la watu wasiofika 1,000 lilikuwa na zaidi ya 1,600. Chooni hawakwenda usiku. Walijisaidia ndooni, chumba hicho hicho walichokula na kulala. Tarehe 1 Aprili fujo ilianza, ikachukua siku 25. Kisha jaji mmoja, Lord Woolf, alipewa kazi ya kuchunguza chanzo chake. Ripoti yake ya mwaka 1991 haikuishia kwenye milango na kufuli. Ilitaka pia vyoo, haki, na nafasi ya kuonana na jamaa. Alisema gereza husimama juu ya mambo matatu: ulinzi, utulivu na haki. Moja likikosekana, mengine nayo huyumba. Ilipofika 1996, ndoo zilikuwa zimeondolewa katika magereza ya Uingereza.

Kinshasa, Kongo, 2024. Gereza la Makala lilijengwa kwa watu 1,500. Lilikuwa na zaidi ya 12,000, na wengi wao walikuwa mahabusu wanaongoja kesi. Usiku wa kuamkia 2 Septemba walijaribu kutoka. Serikali ilisema watu 129 walikufa. Kati yao 24 walipigwa risasi. Wengi katika waliobaki walikufa kwa kusongamana na kukosa hewa.

Unaona, ndugu msomaji? Attica ilikuwa maji ya kuoga. Strangeways ilikuwa ndoo na msongamano. Makala ilikuwa msongamano na kesi zisizokwisha. Vyombo vilizima kelele, lakini sababu haikuzimwa kwa vyombo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gerezani ukuta huo hujengwa kwa maiti.

Hatusemi askari akae mikono mitupu. Mfungwa anayemchoma mwenzake kisu lazima azuiwe, na mara nyingine kwa nguvu. Askari naye ana mke na watoto wanaomngoja. Tunasema chombo kije mwisho, kiwe kidogo, kikome upesi.

6. KANUNI ZINASEMAJE

Tarehe 17 Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwatunza wafungwa. Ziliitwa Kanuni za Nelson Mandela, kwa heshima ya mzee wetu wa Afrika Kusini aliyekaa kifungoni miaka 27. Kumbuka haya matano:

(a) Askari asitumie nguvu ila kwa kujihami, kuzuia kutoroka, au mfungwa anapokaidi amri halali. Nguvu hiyo isizidi kiasi kinachohitajika, na mkuu wa gereza aarifiwe mara moja.
(b) Adhabu ya kunyimwa maji au kupunguziwa chakula imekatazwa. Chumba cha giza kimekatazwa pia.
(c) Mfungwa ana haki ya kutoa malalamiko kila siku bila kuogopa kuadhibiwa.
(d) Ikiwa yeye hawezi, wala hana wakili, jamaa yake anaweza kulalamika kwa niaba yake.
(e) Akifa au akiumia vibaya, habari ipelekwe kwa chombo kingine kisichokuwa gereza, kichunguze.

Shika hasa lile la (d). Ukienda kumtazama ndugu yako ukamkuta na jeraha, uliza kwa adabu limetokana na nini. Andika tarehe, jina lake, na ulichoambiwa. Madhali sasa unajua kuandika, usiiache kalamu nyumbani. Kisha mwone msaidizi wa sheria wa kwenu. Humjui? Muulize sheha. Iko pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayofanya kazi Bara na Visiwani.

7. UKIKUTWA NA MOSHI WA MACHOZI

- Usifikiche macho. Ukifikicha unausukuma unga ndani.
- Toka upesi mahali pa moshi. Tembea kuelekea upepo unakotoka, na upande mahali pa juu, kwa kuwa moshi huu hushuka chini.
- Osha macho kwa maji safi mengi, dakika 10 hadi 15.
- Vua nguo zilizoingia moshi. Ya kuvulia kichwani ni afadhali uikate. Oga kwa sabuni na maji mengi.
- Usijipake mafuta. Mafuta huushika unga kwenye ngozi.
- Usiuguse mkebe. Una moto.
- Mwenye pumu, mtoto, mzee, au yeyote ambaye pumzi haimrudii, apelekwe hospitali bila kungoja.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ghasia: fujo ya watu wengi.
Karantini: mahali pa kuwatenga watu wanaoshukiwa kuwa na maradhi.
Mateka: mtu aliyeshikwa ili wengine walazimishwe kufanya jambo.
Msongamano: watu kujaa kupita nafasi iliyopo.
Kujihami: kujikinga na anayekushambulia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini moshi wa machozi ni hatari zaidi chumbani kuliko uwanjani?
2. Kamera inamsaidiaje mfungwa? Inamsaidiaje askari?
3. Mateka 10 wa Attica walikufa vipi? Tunajifunza nini?
4. Chumba cha watu 30 kikitiwa watu 90, kila mtu anabaki na sehemu gani ya nafasi yake? Pigeni hesabu, kisha mpime sakafuni kwa chaki mwone.
5. Andika barua fupi ya malalamiko kwa niaba ya jamaa aliyeumia kifungoni. Taja jina, tarehe na jambo lenyewe. Usitukane mtu.